Bodi Ina Ramani, Mzazi Ana Miguu

Katika mtaa wa Frogtown, jijini Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, barabara ya Edmund, lipo jengo la shule lililofungwa kwa kura na kufunguliwa tena kwa kura, yote ndani ya muda usiofika miaka miwili. Kwa miaka mingi liliitwa Jackson, shule ya msingi ambako watoto wa Kihmong walisoma kwa lugha yao na kwa Kiingereza. Desemba 2021 bodi ya shule iliamua kuifunga, na programu hiyo ya lugha mbili ikahamishiwa shule ya Phalen Lake, upande wa mashariki wa jiji. Madirisha yakafungwa, uwanja ukanyamaza. Septemba 2023 mlango uleule ukafunguliwa na watoto wengine wakaingia. Jina jipya lilikuwa East African Elementary Magnet School, shule ya msingi ya umma inayofundisha kwa kuzingatia tamaduni na lugha za Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwemo.

Anayepita barabarani huona matofali yaleyale. Anayefuatilia mipango ya shule katika miji hii miwili pacha, Minneapolis na Saint Paul, ataliona jengo hilo kama daftari la hesabu. Upande mmoja umeandikwa mpango uliopangwa mezani na kutua kwa shida, na upande wa pili ni mpango ulioanzia kwa wazazi na kutua kwa urahisi kidogo. Nimekuwa nikiisoma mipango hii kwa miaka kadhaa, na kila ninapofika mwisho wa makabrasha narudi kwenye jambo moja. Bodi huchora mpaka wa shule, lakini mzazi ndiye anayeupitisha. Kura ya bodi ni ya kwanza. Kura ya pili hupigwa asubuhi moja ya Septemba, mama anapomshika mtoto mkono na kuamua wapande basi lipi.

Pesa inayomfuata mtoto

Msomaji wa Dodoma au Mombasa anahitaji kwanza kujua jinsi mambo yanavyokwenda huku, maana neno “wilaya” litamchanganya. Wilaya ya shule Marekani ni mamlaka inayojitegemea. Ina bodi iliyochaguliwa na wananchi, ina mkurugenzi wake mkuu, ina bajeti yake, na ina haki ya kuwaomba wapiga kura wa eneo lake wakubali kodi ya ziada. Minneapolis ina yake, Saint Paul ina yake, na vitongoji vinavyozunguka miji hiyo, kama Osseo, Robbinsdale na Roseville, kila kimoja kina yake.

Tangu mageuzi ya 1971, ambayo wenyeji waliyaita muujiza wa Minnesota, sehemu kubwa ya fedha za uendeshaji wa shule hutoka serikali ya jimbo, na huhesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi. Mtoto akiondoka, fedha yake inaondoka naye. Jengo halipungui, paa halipungui, gharama ya kupasha joto darasa wakati nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri haipungui hata senti.

Kisha zikaja sheria mbili. Mwaka 1988 Minnesota ikawa jimbo la kwanza nchini kuwaruhusu wazazi, jimbo zima, kuandikisha watoto katika wilaya wasimoishi. Mwaka 1991 ikawa tena ya kwanza kuruhusu shule za mkataba, yaani shule za umma zinazoendeshwa nje ya mamlaka ya wilaya, na ya kwanza kati ya hizo, City Academy, ilifunguliwa Saint Paul mwaka 1992. Leo ziko nyingi, na kadhaa zimeanzishwa na Wasomali na Wahmong kwa ajili ya watoto wao.

Weka mambo hayo matatu pamoja na utaona ugumu wa kuchora ramani huku. Mchoraji akivuta mstari kwenye barabara fulani na kusema watoto wa upande huu waende shule ile, anadhani amepanga. Kwa sheria za Minnesota mstari huo ni pendekezo tu. Mzazi asiyeupenda hahitaji kuandamana wala kwenda mahakamani. Anajaza fomu, na Septemba kiti cha mwanawe kinakuwa kitupu.

Usiku wa kura, Mei 2020

Mpango mkubwa kuliko yote ya karibuni ulikuwa wa Minneapolis. Chini ya mkurugenzi mkuu Ed Graff, wilaya ilitumia miaka kadhaa kuandaa muundo mpya wa shule zote za jiji. Hoja zake zilikuwa nzito na nyingi kati ya hizo zilikuwa za kweli. Shule zenye mkazo maalumu, za sanaa, za sayansi, za Montessori, za lugha mbili, zilikuwa zimetawanyika bila haki, na familia za kaskazini ya jiji, ambako Waamerika Weusi wengi wanaishi, zilikuwa na chache karibu nazo. Mabasi yalizunguka jiji zima yakimeza fedha ambazo zingelipa walimu. Shule kadhaa zilikuwa na watoto maskini na wa rangi moja karibu peke yao, huku nyingine, maili chache tu kusini magharibi, zikiwa za Wazungu wenye uwezo.

Mpango ulisema shule za mkazo maalumu zisogezwe katikati ya jiji, watoto wengine warudi shule za mitaani kwao, na mipaka ya shule za msingi, za kati na za sekondari ichorwe upya. Barton, Dowling, Marcy, Armatage na Windom zikapoteza hadhi ya mkazo maalumu. Programu za Kihispania zikaelekezwa Green na Andersen, katikati ya jiji. Maelfu ya watoto wangebadili shule.

Wazazi waligawanyika, na mgawanyiko wenyewe haukufuata rangi kama wengi walivyotarajia. Wapo Wazungu wa kusini magharibi walioupinga kwa sababu sekondari ya watoto wao ingebadilika. Wapo wazazi wa Kilatino walioupinga kwa sababu programu ya lugha mbili waliyoijenga kwa jasho ingehamishwa mbali nao. Wapo wazazi wa kaskazini waliouunga mkono wakisema wamesubiri miaka hamsini, na wengine wa kaskazini hukohuko waliosema hawaamini ahadi, kwa sababu wilaya hiyohiyo mwaka 2010 ilitaka kuifunga sekondari yao ya North High, na ikanusurika kwa kelele za wahitimu wake.

Tarehe 12 Mei 2020 bodi ilipiga kura, sita dhidi ya tatu, na mpango ukapita. Kikao kilifanyika mtandaoni. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, watoto wako nyumbani, wazazi wengi hawana kazi. Uamuzi wa kuwahamisha maelfu ya watoto ukapitishwa katika jiji ambalo watu wake hawakuweza hata kukaa chumba kimoja kutazamana usoni. Wajumbe waliokuwa wameomba kusubiri walishindwa. Siku kumi na tatu baadaye George Floyd aliuawa na polisi kwenye kona ya mtaa wa 38 na barabara ya Chicago, na jiji lote likawa na jambo jingine la kufikiria.

Septemba ilipofika

Mipaka mipya ilianza kutumika Septemba 2021. Ilikuwa pia Septemba ya kwanza ya watoto wote kurudi darasani baada ya janga. Fikiria mtoto wa darasa la tatu aliyekaa mwaka na nusu mbele ya skrini, anarudi shule, na shule yenyewe si ile aliyoiacha. Mwalimu aliyemjua hayupo, rafiki wa kiti cha pembeni amepelekwa kwingine, na basi alilokuwa akipanda limebadilishwa njia.

Na basi hilo likawa taabu ya pekee. Mpango ulikuwa umehesabu kuokoa fedha kwa kufupisha safari. Haukuhesabu kwamba madereva watakosekana. Vuli ile nchi nzima ilikuwa na upungufu wa madereva wa mabasi ya shule, na Saint Paul, jirani, ililazimika kuwapa wanafunzi wa baadhi ya sekondari kadi za mabasi ya kawaida ya jiji. Ratiba iliyokuwa nzuri kwenye karatasi ikawasimamisha watoto kwenye theluji wakingoja kitu ambacho hakina uhakika wa kufika.

Machi 2022 walimu wa Minneapolis wakagoma, mgomo wa kwanza tangu 1970, na madarasa yakasimama kwa karibu wiki tatu. Mwezi huohuo Graff alitangaza kwamba anaondoka, na ilipofika katikati ya mwaka alikuwa ameshaenda zake. Mwenye kuchora ramani hakubaki kuisoma chini ya mvua.

Idadi ya wanafunzi ikaendelea kushuka hadi haikufika 30,000, katika majengo yaliyokadiriwa kuweza kubeba watu wapatao 42,000. Si haki kuubebesha mpango ule lawama yote. Janga lilikuwepo, mgomo ulikuwepo, kodi za nyumba zilipanda na familia changa zikahamia vitongoji, na watoto wanaozaliwa jijini wamepungua. Lakini mwenye kupanga alipaswa kujua kwamba kila mtikisiko unampa mzazi sababu ya kuitazama upya fomu ile ya kuandikisha mtoto kwingine. Mpango wa 2020 uliwatikisa maelfu kwa mpigo mmoja, wakati ambao kila kitu kingine maishani mwao kilikuwa kinatikisika. Wengi wao walijaza fomu.

Mistari iliyo chini ya mistari

Mtu wa pembeni anaweza kuuliza: kwani mpaka wa shule ni nini hasa hadi watu wazima walie kikaoni? Jibu liko chini ya lami.

Mpaka wa shule hulalia juu ya makazi, na makazi ya miji hii hayakujipanga yenyewe. Kuanzia 1910 hati za nyumba Minneapolis zilianza kuandikwa kifungu kinachokataza mtu asiye Mzungu kuinunua au kuishi humo. Mradi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota uitwao Mapping Prejudice umezichimbua hati hizo kwa maelfu na kuziweka kwenye ramani. Ukiilaza ramani hiyo juu ya ramani ya leo ya shule zenye watoto wa wenye uwezo, mistari inalingana. Jijini Saint Paul nako, kati ya miaka ya 1950 na 1960, barabara kuu ya I-94 ilipasuliwa katikati ya Rondo, mtaa wa Waamerika Weusi, na mamia ya familia wakapoteza nyumba zao. Hao pia walikuwa wamesomewa mpango. Walikuwa wameambiwa ni maendeleo.

Mwaka 1971 Minneapolis ilijaribu kuunganisha shule mbili za kusini, Hale na Field, moja ya Wazungu watupu na nyingine yenye watoto wengi Weusi, ili watoto wachanganyike. Wazazi walifokeana kumbini, lakini muungano ukasimama. Mwaka uliofuata mahakama ya shirikisho, katika kesi ya Booker, iliamua kwamba wilaya ilikuwa imewatenga watoto kwa rangi, nayo ikaamriwa kurekebisha. Tangu 2015 ipo kesi nyingine, ya mzazi Alejandro Cruz-Guzman na wenzake dhidi ya jimbo, inayodai kwamba shule za miji hii bado zimetengana. Imepanda hadi Mahakama ya Juu ya Minnesota zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo mzazi anayesimama mbele ya kipaza sauti akitetemeka haongelei mtaa wake wa leo peke yake. Yupo anayesema kwa niaba ya babu aliyezuiwa kununua nyumba. Yupo anayeogopa kupoteza alichonunua kwa mkopo wa miaka thelathini, maana nyumba yake imepanda bei kwa sababu ya shule iliyo upande wake wa mstari. Yupo aliyekimbia Kismayo au Uvira, akakaa kambini Dadaab au Nyarugusu, na anachoomba ni mtoto asihamishwe tena.

Kilima cha Highwood

Mtu huyu wa mwisho ndiye aliyetokea Saint Paul mwaka 2021.

Wilaya ya Saint Paul ilikuwa na tatizo lilelile la viti vitupu. Mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Joe Gothard, alileta mpango wa kufunga na kuunganisha shule. Hoja yake iliegemea kipimo cha wanafunzi: shule ya msingi ikiwa na chini ya watoto 350 hivi, haiwezi kumudu mwalimu wa muziki, wa sanaa, wa sayansi, muuguzi na mshauri, wote kwa pamoja. Shule ndogo hupendwa, alisema, lakini mtoto wake hupata nusu ya anachopata mtoto wa shule kubwa. Ni hoja ya kweli. Mzazi yeyote aliyewahi kuona mwalimu mmoja akibeba madarasa mawili anaielewa.

Katika orodha ya shule za kufungwa ilikuwemo Highwood Hills, iliyo juu ya kilima kusini mashariki kabisa mwa jiji, pembeni ya kituo cha michezo na karibu na majengo ya nyumba za kupanga. Wanafunzi wake wengi ni wa familia za Kisomali. Kwenye jedwali ilikuwa shule ndogo yenye viti vingi vitupu. Kwa akina mama waliokuja vikaoni ilikuwa kitu kingine. Ni shule ambayo mtoto anaiendea kwa miguu. Mama asiye na gari anaweza kufika akiitwa, na mtoto akimaliza masomo anavuka tu kwenda kituo cha michezo mpaka baba atoke kazini. Ukiwapeleka watoto hawa shule kubwa ya mbali, mwalimu wa muziki wataongezewa, lakini mama watapunguziwa.

Wakaja vikaoni, wakazungumza kupitia wakalimani, wakarudi tena. Bodi ilipopiga kura Desemba ile ilipitisha sehemu kubwa ya mpango, Galtier ikafungwa, John A. Johnson ikafungwa, Jackson ikafungwa. Highwood Hills ikaondolewa kwenye orodha.

Galtier ina funzo lake. Shule hiyo ya mtaa wa Midway ilitajwa kuunganishwa na jirani yake Hamline miaka mitano au sita kabla ya kura hiyo, chini ya mkurugenzi Valeria Silva, wazazi wakapinga na ikaachwa. Lakini shule iliyotajwa jina haiponi kwa kuachwa. Mzazi mpya anayesikia kwamba shule ilikaribia kufungwa haandikishi mwanawe hapo, viti vinazidi kuwa vitupu, na mpango unaporudi mara ya pili unakuta kazi imeshafanyika. Uvumi wa kufunga hufunga polepole.

Mlango wa Edmund

Sasa turudi Frogtown. Baada ya vikao vile wilaya ilikuwa na takwimu isiyopendeza mbele yake: zaidi ya theluthi ya watoto wa umri wa shule waishio Saint Paul walikuwa wakisoma nje ya shule za wilaya. Wasomali na Waafrika Mashariki wengine walikuwa miongoni mwa walioondoka kwa wingi, wakienda shule za mkataba ambako mtoto hahitaji kueleza kwa nini amefunga Ramadhani, na mwalimu anatamka jina lake bila kulivunja.

Wilaya ilikuwa na mfano nyumbani kwake. Wahmong, waliofika baada ya vita vya Indochina, walikuwa na shule ya wilaya iliyowapa lugha yao, na wengi walibaki. Wazazi na walimu wa Afrika Mashariki wakauliza, na sisi je? Bodi ikakubali mapema 2023, jengo la Jackson likapatikana, na mwalimu mkuu akateuliwa Abdisalam Adam, aliyekuwa ameitumikia wilaya hiyo kwa miaka mingi. Kutoka kura hadi kengele ya kwanza ilikuwa miezi michache, muda ambao mpango wa Minneapolis usingemaliza hata mikutano ya utangulizi.

Sisemi shule ile haina matatizo. Kuwaweka pamoja Wasomali, Waoromo, Waamhara, Watigrinya na sisi wa Kiswahili chini ya neno moja “Afrika Mashariki” ni kuficha mengi, na mzazi wa Kikongo anayetaka mwanawe asome Kiswahili atauliza ni saa ngapi kwa wiki, na nani anafundisha. Wapo pia wanaoona kwamba shule ya jamii moja ni kurudi kwenye utengano uleule ambao Booker alikwenda mahakamani kuupinga. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Tofauti ninayoiona ni kwamba hapa hakuna aliyelazimishwa. Mpaka haukuchorwa, mlango ulifunguliwa, na watu wakaingia kwa miguu yao.

Matofali na mishahara

Mjadala wa mipaka hauishi bila kufika kwenye majengo, na hapo ndipo fedha huonekana kwa macho.

Minneapolis ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 60,000 kufikia mwisho wa miaka ya 1960. Walipopungua, mwaka 1982 wilaya ilifunga sekondari kadhaa kwa mkupuo, ikiwemo Central High, alikohitimu mwanamuziki Prince mwaka 1976. Jengo likabomolewa. Wazee wa kusini ya jiji hulitaja hadi leo kama mtu anavyotaja msiba, na mtoto asiyelijua jengo hilo amerithi kutoaminiana kulikobaki. Ndiyo maana bodi za leo husita. Kila mjumbe anajua viti ni vitupu. Hakuna anayetaka jina lake liandikwe kwenye kufuli.

Kusita nako kuna bei. Kwa mwaka wa masomo 2024–25 Minneapolis ilikabiliwa na pengo la bajeti la takriban dola milioni 110, fedha za msaada wa korona zikiwa zimekwisha. Ikawaomba wapiga kura Novemba 2024 waongeze kodi ya teknolojia kwa dola milioni 20 kwa mwaka, wakakubali. Saint Paul nayo ilikwenda kwa wapiga kura Novemba 2025 kuomba takriban dola milioni 37 kwa mwaka, ikapewa. Watu wa miji hii si wachoyo kwa shule. Mara nyingi wakiulizwa, wengi husema ndiyo.

Wanachodai kwa malipo hayo ni hesabu. Saint Paul ilipoanza mradi wake mkubwa wa ukarabati mwaka 2016, gharama za majengo kadhaa zilipanda mbali na makadirio ya kwanza, hadi uongozi ukaleta wakaguzi wa nje kuchunguza namna miradi ilivyokadiriwa. Mwenye nyumba aliyepandishiwa kodi anapoona ukuta wa kioo shule moja na paa linalovuja shule nyingine, huhitaji kumwonyesha ramani ili ajue wapi mstari umepita.

Hata kwetu

Nikiandika haya nakumbuka shule za kata. Tanzania ilipozindua mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari mwaka 2004, na baadaye Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu akausukuma kwa nguvu zake zote, wananchi walichangishwa mawe, mchanga na nguvukazi. Sekondari zikaota kila kata kama uyoga baada ya mvua. Lilikuwa jambo kubwa. Watoto wa wakulima ambao wangeishia darasa la saba wakaingia kidato cha kwanza, na wapo madaktari leo waliotokea humo. Lakini majengo yalitangulia na walimu wakafuata kwa kuchechemea. Walimu waliopikwa haraka haraka wakapewa jina la “voda fasta”. Maabara zikakosekana kwa miaka, hadi mwaka 2012 Rais Kikwete akaagiza kila sekondari ya kata ijenge zake, na michango ikarudi tena kwa wananchi walewale.

Miji pacha ina majengo mengi kuliko watoto, na sisi tulikuwa na watoto wengi kuliko majengo. Magonjwa ni tofauti, mganga ni mmoja: mpango uliohesabu kinachohesabika, yaani madarasa, viti, maili za basi, ukaacha visivyo na safu kwenye jedwali. Nani atafundisha? Mama atafikaje? Jina la shule hii linamkumbusha nani kitu gani? Wazazi wetu waliokuwa na uwezo walijibu mapema: waliwatoa watoto shule za St. Kayumba, yaani za serikali, wakawapeleka za kulipia. Mzazi wa Tandale, Dar es Salaam, na mzazi wa Minneapolis hawajawahi kuonana, lakini wameijibu serikali kwa lugha moja, lugha ya miguu.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Mpango wa Minneapolis ulikuwa na haki ndani yake, na haki hiyo bado inadaiwa. Mtoto wa kaskazini ya jiji bado anastahili shule nzuri karibu na kwao. Ulichokosa ni subira ya kungoja watu wakae chumba kimoja, na unyenyekevu wa kukubali kwamba kwenye jimbo hili mzazi hapangwi, hushawishiwa. Highwood Hills iliponea kwa sababu walioguswa walisikika kabla ya kura. Mlango wa Edmund ulifunguliwa kwa sababu walioondoka waliulizwa kilichowaondoa.

Vikao vitarudi. Viti vitupu bado ni vitupu, na bodi zote mbili zitalazimika kuzungumzia tena kufunga majengo. Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Afrika Mashariki mnaoishi huku: mkisikia kikao cha mipaka kimeitishwa, nendeni. Vikao vya bodi viko wazi kisheria, na ukihitaji mkalimani, omba mapema. Asiye raia hana kura ya kumchagua mjumbe wa bodi, hilo ni kweli. Lakini kipaza sauti cha kikao hakiulizi pasipoti, na fomu ya kumwandikisha mtoto shule haina mstari unaouliza uraia wa mzazi.